Ikiwa kutibu macho kunalipa kiasi hiki, kwa nini fedha hazitolewi?

Muulizaji

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri. Ninaandaa hoja ya kuwashawishi wapangaji wa bajeti ya afya watenge fedha zaidi kwa ajili ya macho, na kila takwimu ninayoifungua inaelekea upande mmoja. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet Global Health, katika ripoti yake ya mwaka 2021, ilikadiria kwamba watu bilioni 1.1 duniani wana upungufu wa kuona ambao haujatibiwa, kwamba zaidi ya asilimia 90 kati yao wana tatizo linaloweza kuzuilika au kutibika kwa njia ambazo tayari tunazo, na kwamba tija inayopotea kila mwaka inafikia thamani ya dola bilioni 411 za Marekani kwa kipimo cha uwezo wa kununua, yaani baada ya kusawazisha tofauti za bei kati ya nchi na nchi. Upasuaji wa mtoto wa jicho mara nyingi huchukua chini ya nusu saa, na miwani ya kusomea ni kifaa rahisi kuliko karibu vyote tunavyovitumia hospitalini. Biashara yenye faida ya namna hii ingepaswa kugombewa. Mbona haigombewi?

Mchumi wa afya

Ndugu muulizaji, sababu kubwa ni kwamba anayelipa siye anayevuna. Fungu hutoka kwenye bajeti ya afya, lakini faida huingia kwenye mfuko wa kaya, kwenye shamba, kwenye kiwanda, na kwa mtoto aliyerudi darasani baada ya kuondolewa kazi ya kumwongoza bibi yake. Hakuna mstari hata mmoja katika hesabu za wizara unaopungua pale mtu anapoanza kuona tena. Mgonjwa wa moyo asipotibiwa hurudi akiwa mahututi, na gharama yake huonekana. Asiyeona hubaki nyumbani kimya, na hasara yake huandikwa kama umaskini wa kawaida.

Ushahidi wa faida hiyo upo, na ni mzuri. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa miwani ya kuonea vitu vya karibu waliongeza tija kwa asilimia 21.7 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Miaka sita baadaye, utafiti wa Bangladesh ulionyesha kwamba miwani ya namna hiyo ilipandisha kipato cha mwezi kwa takriban theluthi moja, kutoka dola 35.3 hadi 47.1. Ni vipande viwili vya lenzi na fremu, wala mtu huyo hakufundishwa kazi mpya wala kupewa mtaji.

Muuguzi wa macho

Naomba niongeze kile ninachokiona mimi, kwa sababu bei ya matibabu ndiyo inayojadiliwa siku zote, ilhali kwa mgonjwa mara nyingi si hiyo inayomzuia.

Mama mmoja aliletwa kwetu akiwa ameshika ncha ya fimbo, na mjukuu wake wa kiume akiwa ameshika ncha ya pili. Macho yote mawili yalikuwa meupe kabisa katikati. Upasuaji ulikuwa bure kwake, na alikuwa amejua hivyo kwa zaidi ya mwaka mzima. Kilichomkwamisha ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha siku tatu, na mtu mzima wa kumsindikiza aliyekuwa tayari kuacha vibarua vyake. Kesho yake asubuhi tulipombandua bandeji, kitu cha kwanza alichokitazama ni viganja vyake mwenyewe, akavigeuza mara kadhaa bila kusema neno. Mjukuu yule alikuwa amekosa shule muda wote huo, na gharama yake haimo kwenye jedwali lolote la hospitali.

Wanawake ni asilimia 55 ya watu wenye upungufu wa kuona duniani. Kwa maoni yangu, kuamua nani ndani ya kaya anastahili kutafutiwa nauli ni sehemu ya maelezo hayo, na ni sehemu inayoniumiza. Huduma inayosubiri wagonjwa mjini haijawafikia hawa hata ikiwa ya bure.

Kuhusu miwani, mtazameni fundi cherehani aliyevuka miaka 45: huisogeza sindano mbali na uso, huigeuzia mwanga wa mlangoni, hujaribu mara tatu, kisha humwita mtoto amtungie uzi. Wengi hudhani ni uzee tu usio na dawa, ilhali miwani ya kusomea ingemsaidia.

Daktari wa macho

Nakubaliana na wenzangu, ila nina tahadhari moja. Ndugu muulizaji, usiyaweke magonjwa yote ya macho katika kapu moja, maana uchumi wake haufanani. Mtoto wa jicho hutibiwa mara moja na kumalizika. Presha ya macho huhitaji dawa ya matone kila siku kwa maisha yote, na dawa hiyo haimrudishii mgonjwa alichokwisha kupoteza, na kwa kuwa haoni nafuu yoyote, wengi huiacha. Kisukari nacho kinadai upimaji wa kila mara wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambao hulipa pale tu unapofanywa kwa mpango na bila kukatika. Uingereza ilianzisha mpango wa namna hiyo, na mwaka 2014 ikaripotiwa kwamba katika England na Wales madhara ya kisukari kwenye retina hayakuwa tena chanzo kikuu cha upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miongo mitano.

Vilevile, dola bilioni 411 ni makadirio ya tija ya ajira. Ukiitegemea namba hiyo peke yake, mzee wa miaka 75 anakuwa hana thamani, naye ndiye hasa anayepofushwa na mtoto wa jicho.

Kwa upande wa gharama, someni habari za hospitali za macho za Aravind, zilizoanzia Madurai, India, mwaka 1976 zikiwa na vitanda 11. Daktari anapomaliza meza moja, mgonjwa wa meza ya pili ameshaandaliwa. Wenye uwezo hulipa, na malipo yao huwabeba wasio nacho. Mwaka 1992 walianzisha kiwanda chao cha lenzi za bandia zinazowekwa ndani ya jicho wakati wa upasuaji, na bei ya lenzi ikashuka kutoka takriban dola 100 hadi chini ya 10.

Muulizaji

Asanteni sana. Daktari, nimekuelewa, nami nitaitenganisha hoja yangu. Muuguzi, ungekuwa na fungu dogo tu la kuanzia, ungelipeleka wapi?

Muuguzi wa macho

Ningefungua daftari la waliopangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka uliopita, nikahesabu ambao hawakufika, nikawatafuta mmoja mmoja na kuwauliza sababu. Kwetu nilipofanya hivyo, jibu lililorudi mara nyingi zaidi lilikuwa usafiri. Kwa hiyo fungu la kwanza ningelikodia gari.