Roboti ya kukata nyasi ifungwe kamera au isifungwe? Tujadiliane

Mtunza Ukoka (Köln)

Wadau, heshima kwenu. Hapa ninapofanya kazi kuna jambo limewagawa wapangaji, na kikao chake kinakaribia. Naomba tulijadili humu bila kuoneana haya.

Mimi ni mtunza majengo hapa Köln, Ujerumani. Maghorofa matatu yamezunguka uwanja mmoja wa nyasi. Watoto wanacheza hapo, watu wazima wanaanika nguo na kuota jua, na ng'ambo ya uzio kuna chekechea. Roboti yetu ya kukata nyasi ni ya mtindo wa zamani: waya umezikwa kuzunguka uwanja, mashine ikiukaribia inageuka, ikigonga kitu inarudi nyuma na kushika njia nyingine. Haioni chochote. Tangu Husqvarna wa Sweden watoe ya kwanza mwaka 1995, ile iliyotumia umeme wa jua, roboti nyingi za nyasi zimefanya kazi kwa kupapasa.

Sasa wenye majengo wanataka kununua mpya yenye kamera. Hoja zao: hakuna tena kuzika waya, inakwepa mipira na viatu, na inawaokoa kalunguyeye. Baadhi ya wapangaji wamefurahi. Wengine hawataki kabisa jicho linalotembea chini ya madirisha yao.

Msimamo wangu nauweka wazi. Kamera inayotazama mbele, ikaamua, kisha picha ikafutika humo humo ndani ya mashine, naikubali. Kamera inayopeleka picha nje, siikubali, hata ikiitwa ya usalama. Na habari ya kalunguyeye isitumike kutuuzia kamera.

Hapo kwa kalunguyeye nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoguswa. Huyu ni mnyama mdogo wa miiba, si nungunungu, anatembea usiku. Akiona hatari hakimbii, anajikunja palepale alipo. Kwa mashine yenye viwembe chini ya tumbo, hilo ndilo balaa lenyewe. Nimewahi kumwokota mmoja asubuhi chini ya kichaka, ngozi ya mgongo imechanwa hadi nyama inaonekana, na inzi tayari wameshataga mayai kwenye kidonda. Watafiti wa taasisi ya Leibniz ya wanyamapori mjini Berlin walikusanya taarifa za kalunguyeye 370 waliokutwa na majeraha ya kukatwa kati ya Juni 2022 na Septemba 2023, na karibu nusu yao walikufa. Mwaka 2024 mji wetu wa Köln ukapiga marufuku roboti za nyasi kufanya kazi usiku. Kwa hiyo dawa ipo na haigharimu hata senti: mashine ilale usiku. Kamera ya kawaida haioni gizani, iweje tuambiwe tuinunue kwa ajili ya mnyama wa gizani?

Karibuni.

Mama Zulfa (Leicester)

Kaka, nimekusoma vizuri na habari ya kalunguyeye nakubaliana nawe kabisa. Lakini kwa upande wa watoto napingana nawe, tena kwa nguvu.

Umesema mwenyewe kwamba mashine ya zamani haijui kitu mpaka iguse. Sasa mtoto wa miaka miwili, amekaa kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, ndiye wa kuguswa ndipo mashine ijue? Najua viwembe vinasimama mashine ikiinuliwa, na najua vimewekwa ndani mbali na ukingo. Hata hivyo mtoto anaweza kupenyeza vidole pale chini. Mimi nina wajukuu, na bustani yangu ni ndogo, hakuna pa kukimbilia. Mashine inayomwona mtoto akiwa bado mita mbili mbele ni bora kuliko inayomgundua kwa kumgonga.

Kisha kuna wizi. Mtaani kwetu mashine hizi zinabebwa. Kama kamera ingetunza sura ya aliyeinyanyua, polisi wangekuwa na pa kuanzia. Na kuhusu usalama wa mtandao, hapa Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria inakataza kuuza kifaa cha intaneti chenye nywila moja rahisi ya kiwandani. Serikali hazijalala. Tusiogope kila kitu chenye lenzi.

Kisanduku (Nairobi)

Mama Zulfa, shikamoo. Mimi sina bustani ya nyasi wala roboti, lakini nadhani kuna upande wa jambo hili ambao nyinyi mlio huko hamuuoni, na sisi huku tunauona kila siku.

Mashine haizaliwi ikijua mtoto ni nini na kiti ni nini. Inafundishwa kwa picha, na picha hizo lazima binadamu azipitie kwanza. Nimefanya kazi hiyo hapa Nairobi, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Picha inakuja kwenye skrini, unaburuta mstari kuzunguka kila kitu: mtu, mbwa, kiti, mpira, mahali nyasi zinapoishia na maua yanapoanzia. Kila kimoja kina rangi yake. Ukipotoka ukingo kwa pikseli chache, msimamizi anakurudishia.

Kuna wakati tulipewa mfululizo wa picha zilizopigwa kutoka chini kabisa, majani yanajaza nusu ya fremu. Katika moja alikuwapo mama mzee amelala kwenye kiti cha bustani, mdomo wazi, sketi imepanda juu ya magoti, slipa moja imedondoka. Ilikuwa bustani yake, nyuma ya ukuta wake. Kazi yangu ilikuwa kumzungushia mstari na kuandika "mtu". Nilikuza picha mpaka vidole vya miguu ili mstari ukae sawa. Kwenye orodha ya majibu hapakuwa na mahali pa kusema kwamba picha hii haikupaswa kunifikia.

Msidhani ni la kwetu peke yetu. Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha za roboti za kufagia nyumba za kampuni ya iRobot zilivyoishia kwenye makundi ya mtandaoni ya watu wanaofanya kazi kama yangu huko Venezuela. Moja ilikuwa ya mwanamke akiwa chooni. Kampuni ilijibu kwamba zile zilikuwa mashine maalumu za majaribio na waliokuwa nazo walikubali kwa maandishi. Sawa. Je, naye mgeni aliyekuja kutembea alitia sahihi? Na huko kwa Mtunza Ukoka, watoto wa chekechea watatiliwa sahihi na nani?

Nikiambiwa "picha inaboresha huduma", mimi najua maana yake. Maana yake ni kijana kama mimi, usiku, anakutazama.

Fundi Mwinyi (Göteborg)

Kisanduku, ahsante sana ndugu yangu. Hili ulilosema ningependa lisomwe kwenye kile kikao kama lilivyo.

Mimi natengeneza mashine hizi, nami nina mawili. La kwanza linawahusu wanaofunga kamera wenyewe. Wateja wananiletea mashine za zamani wamezitundikia kamodyuli kadogo ka kamera, kale kenye chipu ya ESP32, ka bei rahisi, ili watazame bustani wakiwa kazini. Nawaomba waache. Kwenye mashine nyingi lile jaluba la juu, yaani gamba linalofunika mashine, halikufungwa kwa kukaza, linaelea, na kusogea kwake ndiko kunakoiambia mashine kwamba imegonga kitu. Ukiongeza uzito upande mmoja unaharibu hisia hiyo: ama inasimama ovyo kila ikikanyaga kifundo cha nyasi, ama inagonga na haijui imegonga. Yaani umefunga kamera ukaondoa kinga ile pekee iliyokuwapo. Ukitoboa jaluba, maji ya mvua yanaingia kwenye bodi. Na picha yenyewe baada ya nusu saa ni umande na vipande vya majani vilivyoganda kwenye lenzi.

Sheria nayo inabana kuliko watu wanavyofikiri. Oktoba 2016 mahakama ya juu ya utawala hapa Sweden iliamua kwamba kamera iliyofungwa kwenye droni ni kamera ya ulinzi na inahitaji kibali, ila iliyo kwenye dashibodi ya gari au usukani wa baiskeli haihitaji. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba kwenye gari na baiskeli mwenye kamera yupo papo hapo anaiendesha. Baadaye bunge likalegeza masharti ya droni za watu binafsi, lakini hoja ile mimi naiona bado ina uzito. Roboti ya nyasi inazunguka yenyewe na mwenyewe hayupo.

Halafu Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Desemba 2014, kesi ya Ryneš wa Ucheki. Mtu alivunjiwa madirisha, akafunga kamera nyumbani, ikawa inanasa barabara na mlango wa nyumba ya mbele. Mahakama ikasema kamera ikishanasa njia ya umma, huwezi tena kujitetea kuwa ni mambo ya nyumbani kwako tu. Sasa kamera inayotembea, leo iko kwenye uzio wa huku, kesho kwenye uzio wa kule, utaielekeza wapi isinase cha mwenzio?

La pili ni hili la udukuzi, na Mama Zulfa naomba unisikilize hapa. Agosti 2024, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, watafiti Dennis Giese na Braelynn Luedtke walionyesha jinsi ya kuziteka roboti za kampuni ya Ecovacs, za kufagia na za kukata nyasi, kwa Bluetooth ukiwa umbali wa hadi mita 130. Ukishaingia mara moja, unaweza kuendelea kupitia intaneti popote ulipo na kufungua kamera na kipaza sauti. Za kufagia zilikuwa wazi kwa dakika 20 baada ya kuwashwa. Za nyasi zilikuwa wazi muda wote. Mwaka huohuo kuna watu Marekani waliokuta roboti zao za kufagia za kampuni hiyo zimetekwa, zinazunguka nyumba na kuwatukana kwa sauti. Kuzuia nywila rahisi ni hatua nzuri, lakini mlango huu haukuwa wa nywila. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa vifaa vya kidijitali itaanza kubana kikamilifu Desemba 2027, na mashine zinauzwa leo.

Kitaalamu inawezekana kabisa mashine ikaona bila kupeleka picha popote. Chipu iliyomo ndani inatosha kumtambua mtoto. Kipimo ni rahisi: zima Wi-Fi, toa laini ya simu kama inayo, kisha iwashe. Ikikata nyasi na kukwepa vitu kama kawaida, basi picha haikuwa na haja ya kusafiri.

Mama Zulfa (Leicester)

Mwanangu Kisanduku, marahaba. Yule mama mzee kwenye kiti angeweza kuwa mimi. Nimekaa na maneno yako tangu jana.

La wizi naliacha. Mashine ni mashine, itanunuliwa nyingine. Lakini la watoto siliachi. Kama Fundi anasema mashine inaweza kuona bila kutuma, basi mimi naitaka hiyo, na sitaki mtu anirudishe kwenye ile ya kupapasa eti kwa sababu ya faragha. Mjukuu wangu hawezi kutumia faragha kukwepa viwembe.

Mtunza Ukoka (Köln)

Mama, hapo tumekutana. Ila naongeza moja kabla hatujafika kwenye mashine: mtoto akiwa kwenye nyasi, roboti haifanyi kazi. Hata ikiwa na macho kumi. Nataka kamera iwe kinga ya mwisho, isije mzazi akaona sasa anaweza kuingia ndani kupika chai na kumwachia mashine mtoto. Hapa kwetu nitapendekeza saa za kukata ziwe asubuhi chekechea ikiwa haijatoka nje, siku za kazi tu, na ratiba ibandikwe kwenye kila mlango. Usiku hapana, hilo tayari ni amri ya mji.

Kwenye mkataba wa kununua nitadai iandikwe kwamba picha haitunzwi wala haitoki kwenye mashine, si kwa "kuboresha huduma", si kwa matengenezo, na kwamba hakuna swichi ya kutazama moja kwa moja kwenye simu ya yeyote, nami nikiwemo. Hili la mwisho limewashangaza wenye majengo, kwa sababu simu hiyo ingekuwa yangu. Lakini mimi nina funguo za nyumba zote tatu. Wapangaji wananiamini kwa funguo kwa sababu wananiona nikiingia. Sitaki nguvu ya kuwaona wasiponiona. Na kipimo cha Fundi kifanyike mbele ya wapangaji, Wi-Fi imezimwa, kabla hatujalipa.

Kisanduku, naomba ruhusa yako niitafsiri ile habari ya kiti cha bustani kwa Kijerumani na kuisoma kikaoni, bila jina lako wala mji wako. Na yeyote anayejua mashine iliyo sokoni sasa ambayo imepita kipimo hicho, aandike hapa aina yake na mwaka iliotengenezwa, maana wauzaji wawili niliowauliza wote wamenijibu kwamba wataniulizia makao makuu.

Kisanduku (Nairobi)

Ruhusa unayo, mkuu. Isome yote, hata ile slipa.