Makato ya dola nisiyoyatambua kwenye akaunti ya PayPal: nianzie benki au PayPal?

Mdau_Tabata

Wakuu, salama? Naomba mwongozo kwa wanaojua malipo ya nje.

Akaunti yangu ya PayPal, ya malipo ya mtandaoni, imeunganishwa na kadi ya Visa ya debiti ya benki ya hapa Dar. Usiku wa kuamkia leo zimeingia SMS tatu za benki: dola 1, halafu dola 49.99 mara mbili. Muuzaji simjui. Ile ya dola 1 na moja ya 49.99 zinaonekana bado hazijakamilika, nyingine imeshakatwa. OTP, yaani msimbo wa kuthibitisha malipo, haikuja hata moja. Tawini nimeambiwa niwasiliane na Visa wenyewe.

Je, ni kweli ni kazi ya Visa? Na nikifunga kadi sasa hivi, hizo ambazo hazijakamilika zitarudi?

---

Kaunta_Namba_7

Si kweli, mkuu. Visa haina mkataba na wewe. Aliyekupa kadi ni benki, na ni benki peke yake inayoweza kufungua madai dhidi ya benki ya muuzaji kupitia mfumo wa Visa. Tawi likikuzungusha, omba uunganishwe na kitengo cha kadi makao makuu, na useme neno lenyewe: unataka kujaza fomu ya kupinga muamala, kwa sababu hukuuidhinisha. Ukisema tu "pesa imepotea" utaandikiwa lalamiko la kawaida, nalo linaenda meza nyingine kabisa.

Lakini usiende kujaza kitu kabla hujasoma vizuri jina lililo kwenye SMS. Hapo ndipo pa kujua pesa imepita mlango gani.

Likianza na PAYPAL * kisha jina la muuzaji, muamala umepita ndani ya akaunti yako ya PayPal. Likiwa jina la muuzaji tupu, basi namba ya kadi yenyewe imevuja na mtu ameitumia pengine. Akaunti yako huenda haijaguswa. Ukiona GOOGLE * au APPLE.COM/BILL, kagua kwanza simu za nyumbani. Mtoto akinunua almasi za gemu kwa kadi uliyoiacha wazi, benki hailihesabu hilo kuwa wizi, na ukilipinga kama wizi akaunti ya Google inaweza kufungiwa. Ikiwa kweli si wa nyumbani, Google wana fomu yao ya kuripoti, na mwisho ni siku 120 tangu muamala.

Ile dola 1 ni kipimo: anayejaribu kadi anataka kujua kama iko hai kabla ya kukata kubwa. Kwa hiyo usiipuuze hata kama itajirudisha yenyewe.

---

Mdau_Tabata

Asante mkuu. Zote tatu zinaanza na PAYPAL *. Nimeshaizima kadi kwenye simu. Inatosha?

---

Salasala_IT

Haitoshi, na kwa mpangilio ningeanza kwingine. Anza na barua pepe. Mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya PayPal kila unapoibadilisha, kwa hiyo ukianzia PayPal unafunga dirisha huku mlango uko wazi.

Kwenye Gmail badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, toa vifaa usivyovitambua. Kisha ingia kwenye mipangilio ukague vichujio na anwani za kusambaza barua. Hapa wengi hawafiki. Mwizi huweka kichujio kinachotupa kila barua ya PayPal kwenye taka, ndiyo maana mtu anasema "hata taarifa sikupata". Futa chochote usichokiweka mwenyewe.

Baada ya hapo nenda PayPal, kwa kuandika anwani mwenyewe na si kwa kubofya barua uliyotumiwa:

1. Badilisha nywila, washa hatua mbili. Programu ya kuzalisha msimbo ni bora kuliko SMS.
2. Angalia kama kuna barua pepe, namba ya simu au anwani ya kupokelea mzigo iliyoongezwa. Piga picha ya skrini kabla hujaifuta, ni ushahidi.
3. Fungua orodha ya malipo ya kujirudia, kwenye mipangilio ya malipo. Kama muuzaji huyo yumo, mkatishe. Makato mawili ya kiasi kilekile yananipa shaka ya aina hiyo.
4. Fungua muamala mmoja mmoja, chagua kuripoti tatizo, kisha sababu ya kwamba hukuuidhinisha. Usichague "mzigo haujafika", maana hiyo inamaanisha ulikubali kununua, na kesi inageuka ugomvi wa mteja na muuzaji.

Nakili namba ya kila muamala, ina herufi na tarakimu 17. Ambao haujakamilika huenda usikubali kuripotiwa hadi ukamilike, kwa hiyo rudi kuuangalia kila siku.

Kuhusu kuzima kadi: inazuia mapya, haifuti yaliyokwisha kuidhinishwa. Yale yanayosubiri yanaweza kukatwa kabisa hata kadi ikiwa imefungwa. Na kadi mpya nayo si kinga kamili, kwa sababu mitandao ya kadi ina huduma ya kumpelekea muuzaji namba mpya ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Ndiyo maana hatua ya 3 haina mbadala.

---

Kaunta_Namba_7

Nyongeza muhimu: usifungue kesi PayPal na benki kwa wakati mmoja kwa muamala uleule. Benki ikianzisha chajibeki, yaani madai ya kurudishiwa pesa kupitia mtandao wa kadi, PayPal hufunga kesi yao na kusubiri uamuzi wa upande wa kadi. Anza PayPal, kwa kawaida wanajibu ndani ya siku 10 hivi. Wakikataa, ndipo uende benki na barua yao ya kukataa mkononi.

Ila usilale. Kwa madai ya wizi, Visa inaipa benki siku 120 tangu muamala uchakatwe, na Mastercard ni vivyo hivyo. Benki nyingi zinakuwekea muda mfupi zaidi kwenye masharti ya kadi, kwa sababu nazo zinahitaji siku za kuandaa faili. Soma yako. Na leo hii waandikie huduma kwa wateja kwa barua pepe, uwape tarehe, saa, kiasi na jina la muuzaji, useme huyatambui na kwamba kesi iko PayPal. Hiyo si chajibeki, ni kuweka rekodi kwamba ulitoa taarifa mapema.

Kutopokea OTP ni jambo la kukusaidia, liandike. Muamala ukiwa umethibitishwa kwa OTP, benki haiwezi kumrushia muuzaji mzigo kirahisi, na swali la kwanza utakaloulizwa ni nani uliyempa msimbo.

---

Binti_wa_Mbagala

Simu yako ina mtandao kawaida? Kama laini ilikata ghafla usiku huo, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, kwa simu nyingine, uliza kama kuna mtu amebadilisha laini yako. Piga pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Na utakapoanza kupigiwa na "mhudumu wa benki" anayetaka OTP ili arudishe hela, usimjibu. Ujumbe wa aina hiyo utume TCRA kwenye 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

---

Mdau_Tabata

Laini iko sawa. Kwenye Gmail nimekuta kichujio. Duh. Polisi niende?

---

Salasala_IT

Basi chanzo umekipata. Kabla ya kukifuta, kipige picha.

Polisi nenda, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, kituo kilicho karibu. Kosa linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. RB haikurudishii dola, ila baadhi ya benki huitaka kwenye faili. Benki ikikaa kimya au ikikukatalia bila sababu ya maandishi, malalamiko yanapanda Benki Kuu. Wana dawati la watumiaji wa huduma za fedha, na kwa Dar ofisi yao iko Mtaa wa Mirambo. Watauliza kwanza kama ulianza na benki yako, kwa hiyo tunza namba ya lalamiko.

---

Kaunta_Namba_7

PayPal wakisema wamerudisha na benki ikasema haijaona, waombe namba ya rejea ya benki ya muuzaji, inayoitwa ARN, tarakimu 23. Kitengo cha kadi wanaitafuta kwa hiyo namba, si kwa jina lako. Na shilingi zitakazorudi zinaweza kupishana kidogo na zilizokatwa, kwa sababu dola inabadilishwa kwa kiwango cha siku ya kurudishwa.