Naomba ushauri: asali kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi

Habarini ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 4, tunaishi Igoma hapa Mwanza. Tangu akiwa mchanga ana pumu ya ngozi, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko. Usiku anajikuna hadi asubuhi nakuta matone ya damu kwenye shuka. Inaniuma sana.

Daktari alitupa krimu ya hydrocortisone ya kupaka anapozidiwa, na akasisitiza nimpake mafuta ya mgando mara tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hilo limesaidia kweli na siachi. (Majirani wanasema ni maji ya ziwa, lakini kaka zake wanaoga maji hayohayo na hawana kitu.)

Sasa mama mkwe kaniletea asali ya Tabora, nzito, ya nyuki wakubwa. Nilijaribu kiwiko kimoja tu: nikapaka nyembamba, nikaacha dakika 20, nikamsuuza. Palipokuwa pakavu palilainika, ila palipochubuka alilia kwamba panamuwasha moto, nikaacha.

Najua asali ya kutibia vidonda hospitalini huuliwa vijidudu kwa mionzi. Hii yangu imekamuliwa tu na kutiwa kwenye chupa.

Wenye uzoefu, mlipaka peke yake au mlichanganya na mafuta? Iliwahi kumzidishia mtoto vipele? Na asali isiyochakachuliwa na sukari mnaipata wapi hapa mjini? Kliniki tunarudi wiki ijayo, nitamuuliza na daktari.