Kibarua cha kwanza tangu nizae: ofisi miezi mitatu au zamu za wikendi?

mama_wawili
Habari zenu humu. Nina watoto wawili, mkubwa miaka minne, mdogo miezi kumi na bado ananyonya. Tangu nimpate wa kwanza sijafanya kazi ya nje na sasa nataka kujaribu kidogo nione kama nitaweza, sio kwamba nimewachoka wanangu jamani, nimechoka tu siku nzima kubishana kuhusu kiatu kipi ni cha kulia. Zimejitokeza mbili. Moja ni ofisini, kumshikia dada mmoja nafasi yake akiwa likizo ya uzazi, miezi mitatu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nyingine ni godauni, kuhesabu na kupanga mzigo Jumamosi na Jumapili, mkataba hamna, wanakupigia wakiwa na kazi. Ofisi inalipa zaidi ila lazima nimlipe mtu wa kubaki na mdogo, wikendi baba yao yupo. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

baba_zamu
Dada, mshahara usiuangalie hivyo hivyo. Toa nauli, toa hela ya mlezi, toa hela ya kula mchana, inayobaki igawe kwa masaa yote utakayokuwa nje, kuanzia unafunga mlango mpaka unaufungua, sio yale ya kazini tu. Mimi nilipiga hiyo hesabu nikakuta kazi niliyokuwa naringia inanilipa chini ya kibarua cha wikendi. Mke wangu alinicheka wiki nzima. Chukua godauni.

bi_tausi
Hesabu nzuri kaka ila umesahau kitu, hizo za njoo-tukikuita nimezifanya. Simu inalia Ijumaa saa nne usiku, njoo kesho alfajiri, unahangaika, unafika getini unaambiwa mzigo haujaingia, rudi, na nauli ndo imeshaenda. Halafu wewe na mumeo mnakuwa kama walinzi wa kupokezana lindo, mnaonana mlangoni tu. Ya miezi mitatu ikikushinda angalau unajua inaisha lini, na ile miaka minne iliyo tupu kwenye sivii yako inapata cha kuandikwa. Mimi naona ofisi, hata kama faida ni ndogo.

mama_wanne
Mbona hamna anayeongelea kunyonyesha?? Mimi siku ya kwanza, saa tano asubuhi, maziwa yalishuka nikiwa katikati ya kikao, blauzi ikachora duara mbili, nilikumbatia faili mpaka jioni watu wakadhani nina bidii. Kabla ya kusaini uliza kama kuna chumba chenye mlango wa kufunga, na choo sio chumba. Ule mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 183 wa mwaka 2000 unasema mapumziko ya kunyonyesha yahesabiwe ni muda wa kazi na yalipwe, ila nchi nyingi hazijauridhia, kwa hiyo usidhani tu, uliza. Maziwa ukiyakamua yanakaa kama masaa 4 nje ya friji kama chumba hakina joto kali, kwenye friji siku 4. Na miezi kumi ndo umri wenyewe wa kung'ang'ania mama, mlezi aanze kuja wiki mbili kabla wewe ukiwepo, na siku ya kuondoka muage, usimtoroke, ukimtoroka kesho hata chooni atakufuata.

baba_zamu
Haya la blauzi sikulifikiria, nakubali 😅 ila hesabu apige.

mama_wawili
Nimepiga. Ofisi ikitolewa kila kitu inaizidi godauni kidogo sana, kwa saa ziko karibu sawa. Lakini bi_tausi umenigusa, mimi siwezi kukaa nasikilizia simu wakati mtoto kalala. Nimewapigia ofisini, chumba kipo, ni stoo ya karatasi ila ina kitasa, na wamekubali wiki ya kwanza nifanye nusu siku. Naanza Jumatatu ijayo. mama_wanne, pampu ya mkono inatosha au nitafute ya umeme?

mama_wanne
Ya mkono anza nayo, haina kelele. Na beba blauzi ya pili, nyeusi.