Mjadala: Leza ya usoni ibaki saluni au iende hospitali?

Mleta mada

Habari zenu wadau. Nasema msimamo wangu mapema: leza ya usoni isipigwe saluni. Ipigwe mahali penye mtu wa afya mwenye leseni, atakayeitwa kujieleza uso wa mtu ukiharibika. Anayepinga aje na hoja, nitamsoma hadi mwisho.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike, aliyeachiwa madoa ya chunusi mashavuni, alilipia leza kwenye saluni moja hapa Dar. Jina siliweki. Mara tatu, laki na nusu kila mara. Hakuna aliyemuuliza usiku anapaka nini, na wakati huo alikuwa anapaka krimu ya kung'arisha aliyouziwa Kariakoo. Hakuna aliyemuuliza kama kwenye ukoo wetu kuna watu wanaoota makovu ya kuvimba, na mama yetu analo moja sikioni tangu alipotoboa. Mara ya tatu wakamwambia wanaongeza moto kidogo kwa sababu matokeo yanachelewa. Alirudi Tabata amejifunika uso kwa kanga iliyoloweshwa maji. Kesho yake malengelenge. Wiki ya pili yakakauka, yakaacha mabaka meusi yenye pembe nne, yamepangana shavuni kama mihuri.

Daktari wa ngozi aliyemwona baadaye alizitazama zile pembe akauliza, "Nani kakwambia hii ni leza?" Ilikuwa mashine ya mmweko, ile inayotoa mwanga wa mawimbi mengi kwa mpigo mmoja kupitia kioo cha mstatili. Mtaani zote zinaitwa leza.

Nilikaa nikasoma, kwa sababu nilitaka kuelewa mdogo wangu aliunguzwa na nini hasa. Mashine hizi zinaitafuta rangi. Wazo lenyewe waliliandika watafiti wawili, Anderson na Parrish, kule Marekani mwaka 1983: chagua wimbi la mwanga ambalo kitu unachokilenga kinalimeza kuliko majirani zake, lipige kwa muda mfupi sana, kitu hicho kiive kabla joto halijasambaa. Kwa mtu mweupe mwenye doa jeusi, mlengwa ni doa. Kwetu rangi imetandazwa juu ya ngozi nzima, na mwanga hauwezi kutofautisha doa na shavu. Mawimbi mafupi yanamezwa juu juu na kuunguza hapo hapo. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi madaktari wengi hukimbilia leza ya nanomita 1064, inayopita ndani zaidi bila kunaswa sana na rangi ya juu, na hata hiyo wanaianza na nguvu ndogo. Mmweko unabeba mawimbi mafupi kwa marefu, kwa hiyo mpigaji asipoweka kichujio sahihi na kipimo cha chini, ngozi yetu inaungua.

Hata kipimo cha kugawa aina za ngozi, kile cha Fitzpatrick cha mwaka 1975, kilianza kwa ajili ya ngozi nyeupe. Makundi ya ngozi za kahawia na nyeusi yaliongezwa baadaye. Anayenunua mashine leo na kufuata jedwali la kijitabu kilichokuja nayo, sijui anamsoma nani pale kitandani.

Halafu linakuja swali la nani anawajibika. Daktari akikosea kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Krimu ikiwa na zebaki kuna TBS, shirika la viwango, waliokabidhiwa vipodozi mwaka 2019 pale TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Dada wa saluni akikuunguza, unabakiwa na polisi au mahakama, na ni wangapi watafika huko wakiwa na uso wenye malengelenge?

Mwenye saluni, Sinza

Dada, pole sana kwa mdogo wako. Nasema pole ya kweli, kwa sababu nina saluni na nina mashine, na mteja akiungua kwa mwenzangu sote tunaumia.

Lakini hapo umetufunga kitanzi kimoja wote. Mimi nilisomea kazi hii Nairobi miezi minne, na mashine yangu ni hiyo hiyo ya 1064 uliyoisifia. Mteja wa mara ya kwanza sigusi uso wake siku hiyo. Napiga sehemu ndogo chini ya taya, namwambia arudi baada ya wiki mbili tuone. Wengine wanakasirika, wanaenda kwa jirani anayepiga leo leo.

Sasa ukisema iende hospitali, hospitali ipi? Madaktari wa ngozi nchi hii ni wachache, na wana wagonjwa wenye ukoma na vidonda visivyopona. Binti wa Mbagala mwenye madoa ya chunusi atapangwa foleni hiyo? Atachoka, ataingia kwenye simu, atampata anayemfuata nyumbani na kimashine cha mkononi kilichokuja kwa posta. Saluni yangu ina mlango na watu wanajua nilipo. Huyo hana hata mlango.

Na Uingereza, wanaotangulia kwenye mambo haya, mwaka 2010 waliziondoa leza za urembo kwenye usajili wa lazima wa huduma za afya. Saluni zinapiga hadi leo.

Mleta mada

Ahsante dada wa Sinza, umejibu kwa heshima. Hilo la taya nimelipenda na sikulijua. Ila ya Uingereza umeishia katikati. Mwaka 2022 bunge lao lilipitisha sheria inayompa waziri uwezo wa kuanzisha leseni kwa taratibu za urembo zisizo za upasuaji. Walifungua, wakaona, wanataka kufunga. Na ngozi nyingi za kule haziungui kama zetu.

Kijana wa Ubungo

Mimi natoa ushahidi wa upande wa pili, maana mada inaelekea kuonesha leza ni moto tu. Nilikuwa na vipele vya ndevu miaka tisa. Nywele zetu zimejikunja. Ukinyoa chini sana, ncha inarudi kuchoma ngozi na kutumbukia ndani. Shingo yangu ilikuwa imejaa uvimbe na usaha, nilibadilisha vinyozi, nikapaka spiriti, nikapaka ndimu. Kazini nilitakiwa kunyoa kila siku. Nikapelekwa kwa daktari, akaniambia mzizi wa nywele ndio wa kupunguzwa. Nikapigwa leza mara sita, mwezi mmoja kati ya moja na nyingine. Sasa nanyoa bila kuogopa. Ilikuwa ugonjwa, si urembo, na leza ndiyo iliyoutuliza. Kwa hiyo mkiandika masharti yenu msije mkaifanya ishindikane kupatikana.

Tabibu, Temeke

Natibu ngozi. Nilisomea Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992. Naomba niongee kidogo kwa urefu, kuna kitu mnakipita.

Wengi wanaokuja kwangu wakitaka leza hawana tatizo la leza. Wana mkorogo. Mtu amepaka hidrokwinoni na steroidi, dawa zinazochanganywa kwenye krimu za kung'arisha, miaka mitano, ngozi imekuwa laini kama ganda la kitunguu, mishipa inaonekana, chunusi zimejaa, na mashavuni pameanza weusi wa kibluu wenye vipunje kama mayai ya samaki. Weusi huo umeletwa na hidrokwinoni yenyewe, dawa ya kuondoa weusi. Afrika Kusini waliiondoa kwenye vipodozi mwaka 1990 kwa sababu waliona nyuso hizo nyingi mno. Ukimpiga leza mtu huyu wakati bado anapaka, umeongeza jeraha juu ya jeraha. Hatua ya kwanza ni kuacha krimu, taratibu na kwa usimamizi, maana steroidi ukiikata ghafla uso unawaka. Inachukua miezi. Hakuna anayetaka kusikia miezi.

Mabaka ya ujauzito nayo, yale yanayokaa mashavuni na juu ya mdomo: leza inaweza kuyafifisha, yakarudi, na mara nyingine yakarudi meusi zaidi. Jua na joto vinayaamsha. Tunaanza na losheni ya kuzuia jua na dawa ya kupaka kwa muda maalumu.

Na hapa mnisamehe, losheni hizo ni ghali, na ushauri wa "epuka jua" tunautoa kama vile mgonjwa anafanya kazi kwenye kiyoyozi. Nimeshamwambia hivyo mama anayeuza samaki Feri. Alinitazama tu. Tangu hapo namuuliza mtu kwanza anafanyia kazi wapi. Kama yuko juani kutwa na hawezi kujifunika, simshauri leza kabisa hata kama pesa anayo.

Sasa kwako mleta mada. Nakubaliana nawe nusu. Koti jeupe peke yake halimlindi mtu. Nimeona majeraha ya saluni, na nimeona ya zahanati ambapo daktari alihudhuria kozi ya siku mbili. Anayepiga awe na uwezo wa kutambua ngozi iliyoharibiwa na mkorogo, kovu linalovimba, na doa ambalo huenda ni saratani na halitakiwi kuguswa kabla ya kipimo. Awe na miwani ya kukinga macho inayolingana na wimbi la mashine yake, kwa mteja na kwake, kwa sababu mwanga huo ukiingia jichoni unaharibu kuona na hakuna dawa ya kukurudishia. Uliza hapo mtaani ni wangapi wanavaa.

Mama, Upanga

Nina miaka 61. Vijana mnaongea madoa, na mimi niseme la uzee kwa sababu likitajwa tu watu husema mama huyu hataki kuzeeka. Ngozi yetu haikunjiki mapema, rangi inatusaidia. Kinachotupata ni kushuka: mashavu yanashuka, mifuko chini ya macho, kope zinalala. Niliuziwa leza ya "kuinua uso". Leza inaweza kulainisha ngozi na kuikaza kidogo, ngozi iliyoshuka haiinui. Nilipoteza pesa.

Kope zangu zilikuwa zimefunika hadi sioni daladala inayotokea pembeni. Daktari wa macho ndiye aliyenieleza kuwa huo ni upasuaji, akapima upeo wa kuona, nikakatwa kope za juu. Naona. Yule aliyeniuzia leza alikuwa ameziona kope hizo kwa jicho lake na hakuniambia neno.

Mchangiaji mwenye ualbino, Kigamboni

Nimewasoma wote. Kwangu mimi upasuaji wa uso ni saratani. Nimetolewa vidonda mara mbili, kimoja kwenye shavu, kingine juu ya sikio, na rafiki yangu alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, akiwa amechelewa. Vidonda hivi vikionwa mapema vinagandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, dakika chache, unarudi nyumbani. Losheni inatengenezwa Moshi kwa ajili yetu. Kinachokosekana ni mtu wa kukuangalia kila baada ya miezi michache.

Sipingi mtu kutibu madoa. Doa linauma moyo, nalijua. Ila mleta mada ukisema hospitali za umma zinunue leza, mimi nauliza kwanza kama kila wilaya ina chupa ya naitrojeni na mtu anayejua kuitumia.

Mleta mada

Kaka au dada wa Kigamboni, sikusema hospitali za umma zinunue, lakini kusema "iende hospitali" kunamaanisha hivyo, na sikuwa nimefikiria hivyo. Anayelipia urembo alipie mwenyewe, mahali penye leseni. Foleni yako isiguswe.

Tabibu, nimebadilisha sehemu. Nilikuwa nasema itoke saluni. Sasa nasema hivi: saluni ibaki na mashine kama kuna tabibu au daktari wa ngozi aliyemkagua mteja kwanza, akaandika kwa jina lake kwamba uso huu unaweza kupigwa, kwa wimbi hili, na karatasi hiyo mteja aondoke nayo. Mmweko kwa uso mweusi, bila mtu huyo, upigwe marufuku kabisa. Hapo sirudi nyuma.

Mwenye saluni, Sinza

Karatasi naikubali. Gharama yake ataibeba nani? Tabibu akidai elfu thelathini kwa kila mteja, wa jirani ataendelea kupiga bila karatasi, na mteja atamfuata yeye.

Tabibu, Temeke

Dada, mimi kukagua uso ni dakika kumi na tano. Njoo tuzungumze, Jumamosi mchana nipo. Ukiniletea wateja kumi kwa pamoja haitafika elfu thelathini kwa kichwa. Ila nitawarudisha wengine, na hutapata hela yao. Ulizoee hilo mapema.

Mwenye saluni, Sinza

Nitakuja.

Mleta mada

Aliyeniuliza kwa faragha hali ya mdogo wangu: anaendelea. Miezi saba sasa, losheni asubuhi na mchana, dawa ya daktari usiku, krimu ya Kariakoo tulitupa. Pembe za mabaka zimeanza kulegea, katikati bado peusi. Madoa ya chunusi ya mwanzo yapo vile vile, na ndiyo yanayomuuma zaidi. Anarudi kliniki mwezi wa pili, na ameshaniambia akiruhusiwa atapiga leza tena. Nimemwambia sawa, ila safari hii naingia naye ndani.