Mrejesho: gitaa gumu kubonyeza

Wakuu, shukrani. Niliuliza kama ninunue gitaa jingine lililo laini. Mkasema nipime hili kwanza. Uzi mnene ulikuwa juu milimita 3.5 kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo).

Nilianza na nyuzi nyembamba zaidi, za unene wa 11 badala ya 12 (uzi mwembamba kabisa ni inchi 0.011), maana zinabadilisha mvuto wa shingo. Robo mzunguko wa spana ya L kwenye chuma kilicho ndani ya shingo ukainyoosha. Mfupa wa darajani (unaobeba nyuzi upande wa kiwiliwili cha gitaa) nikausugua kwa msasa upande wa chini, milimita 1.5; urefu freti ya 12 hushuka nusu ya hapo. Sasa ni 2.6, raha tupu.

Kodi ya F, ile ya kulaza kidole kizima juu ya nyuzi zote, bado ngumu: ukibonyeza freti ya 3, uzi unaning'inia mno juu ya freti ya 1. Mifereji ya mfupa wa juu (ule wa upande wa kichwa cha gitaa, nyuzi zinapopita) inataka kuchimbwa kwa tupa zake, kwa hiyo hilo ni la fundi.