Tupeane uzoefu: kupanga waya wa dishi ndani ya nyumba kabla mafundi lipu hawajaingia

Mwanzisha mada (Ipuli, Tabora)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Imekwisha kuezekwa, kuta bado ni tofali tupu, na fundi umeme yuko karibu kuanza kutindua kuta ili alaze mabomba ya nyaya. Ramani yake inaonyesha taa, swichi na soketi zote, lakini haionyeshi waya wa dishi hata mmoja, na nilipomuuliza alinijibu kwamba hiyo ni kazi ya fundi wa king'amuzi atakayekuja tukishahamia. Ninaheshimu uzoefu wake, ila ninajua fundi huyo akija atakuta ukuta umeshapakwa rangi, na njia pekee atakayobaki nayo ni kuteremsha waya kutoka kwenye bati, kuupitisha dirishani kwa kutoboa wavu wa mbu, kisha kuupigilia misumari pembezoni mwa sakafu hadi kwenye televisheni. Nyumba nyingi za mtaani kwetu ziko hivyo, zikiwemo nzuri ambazo wenyewe waligharimia dari na marumaru.

Msimamo wangu ni kwamba waya wa dishi upangwe siku ileile unapopangwa umeme. Nimekusudia kuweka sehemu moja ya makutano juu ya dari ya korido, na kutoka hapo kila chumba kiwe na bomba lake. Naomba kila mwenye nyumba, mpangaji au fundi atueleze yaliyotokea kwake: umbali ulikuwa kiasi gani, waya ulikuwa wa aina gani, na kitu gani kilisumbua.

Mchangiaji (Mwanga, Kigoma)

Ndugu mwanzisha mada, umeleta hoja hii mapema, na ninakupongeza kwa kuwa hujasubiri lipu. Nyumba tuliyonunua sisi ilikuwa na mabomba tayari, lakini yalikuwa yameunganishwa kwa mfuatano: waya mmoja ulitoka kwenye dishi ukaingia sebuleni, ukagawanywa hapo kwa spilita, kisha ukaendelea hadi chumba cha wazazi. Kwa muda mrefu tulitumia king'amuzi kimoja na hatukuona tatizo lolote. Tulipoongeza cha pili chumbani ndipo mambo yakawa ya ajabu, kwani mama akibadilisha chaneli chumbani, sebuleni baadhi ya chaneli zilipotea palepale, na nyingine zikabaki kama kawaida.

Sababu yake niliielewa baada ya fundi mmoja mzee wa hapa Mwanga kunichorea kwenye karatasi. King'amuzi hakipokei tu mawimbi kutoka kwenye LNB, yaani kile kichwa kilicho mbele ya dishi, bali pia hukipelekea umeme na maagizo kupitia waya uleule. Kikipeleka takriban volti 13, LNB huchagua mawimbi ya wima, na kikipeleka takriban volti 18, huchagua ya mlalo. Kikiongeza mtetemo wa kiloherzi 22, LNB huhamia sehemu ya juu ya masafa. Ving'amuzi viwili vinapotegemea tundu moja la LNB, kila kimoja hutoa agizo lake, na kimoja lazima kishindwe. Spilita, hata ikiwa ya bei kubwa, haiwezi kuamua ugomvi huo.

Tiba yetu ilikuwa kuweka LNB yenye matundu mawili na kuvuta waya wa pili kutoka kwenye dishi hadi chumbani. Kuvuta waya huo ndiko kulikotugharimu, kwa sababu bomba la zamani lilikuwa jembamba na lenye kona kali, na ilitubidi kutindua ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Kwa hiyo mpango wako wa kila chumba kuwa na njia yake ni sahihi kabisa, na ningeongeza kwamba sebuleni uweke njia mbili.

Mchangiaji, fundi (Ujiji)

Nimefunga madishi katika nyumba za Ujiji, Gungu na Kibirizi, na nimefika hadi Uvinza, kwa hiyo nitaeleza upande wa waya wenyewe, maana hapo ndipo wateja wengi hupoteza fedha bila kujua.

Waya unaofaa kwa dishi ni wa koaksia, yaani wenye kiini katikati na wavu wa chuma unaokizunguka, wa omu 75, aina ya RG6. Madukani mtaonyeshwa pia RG59, ambao ni mwembamba na nafuu zaidi. Huo ulikuwa ukitumika kwa aerial na kamera, na hupoteza mawimbi mengi zaidi njiani. LNB hupokea mawimbi ya angani ya gigaherzi 10.7 hadi 12.75 na kuyashusha hadi kati ya megaherzi 950 na 2150 ili yaweze kusafiri ndani ya waya. Katika masafa hayo, RG6 hupoteza karibu desibeli 20 (kipimo cha kupungua kwa mawimbi) kwa kila mita 100 upande wa chini, na karibu desibeli 30 upande wa juu. Nyumba ya kawaida yenye njia ya mita 20 au 30 haina wasiwasi wowote. Inapozidi mita 50, ndipo huwa nazungumza na mteja juu ya RG11, ambao ni mnene zaidi, au juu ya kulisogeza dishi karibu na nyumba.

Jambo la pili ni kiini cha waya. Upo wenye kiini cha shaba tupu, na upo wenye kiini cha chuma kilichopakwa shaba juu. Kwa mawimbi yenyewe tofauti ni ndogo, kwa sababu mawimbi ya masafa makubwa hupita kwenye ngozi ya nje ya kiini, ambayo kwa aina zote mbili ni shaba. Tofauti iko kwenye ule umeme aliouzungumzia ndugu wa Mwanga, kwa kuwa umeme huo hupita katika unene wote wa kiini, na chuma huupinga zaidi. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Gungu ambako chaneli za mlalo zilikuwa zikikatika usiku na mchana ilhali za wima hazikuwa na shida. Njia ilikuwa ndefu, waya ulikuwa wa kiini cha chuma, na ule umeme wa volti 18 ulikuwa umepungua mno ulipofika juu. Tulibadilisha waya tu, dishi hatukuligusa, na tatizo likaisha. Ukienda dukani, chukua sumaku ndogo, kwa maana kiini cha shaba tupu hakishiki sumaku.

Jambo la tatu ni maji. Huku ziwani unyevu ni mwingi, na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili huingia popote zinapopata upenyo. Koneka, yaani vile viungo vya kwenye ncha za waya, zikiwa za kuzungusha kwa mkono huingiza maji polepole. Maji yakishaingia husafiri chini ya ganda la waya, wavu wa ndani ya waya unageuka unga mweupe, na waya wa mita nyingi unaharibika wote kwa sababu ya koneka moja. Tumieni koneka za kubana kwa mashine, zifungeni kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kabla waya haujaingia ukutani muuache uning'inie kidogo kuelekea chini, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Waya mweupe wa ndani usiutumie juani, kwani ganda lake hupasuka. Nje tumia mweusi uliotengenezwa kwa kukaa juani.

Mwanzisha mada (Ipuli, Tabora)

Nashukuru sana, fundi, na wewe ndugu wa Mwanga. Swali langu ni juu ya bomba. Fundi umeme wangu amependekeza waya wa dishi upite katika bomba moja na nyaya za soketi, ili asitindue mara mbili. Je, kuna aliyefanya hivyo?

Mchangiaji, fundi (Ujiji)

Usikubali, ndugu. Bomba la umeme wa volti 230 lisipitishe kitu kingine, kwa usalama wa watu kabla hata hatujazungumzia picha. Ganda la nyaya za umeme likichunika wakati wa kuvuta, umeme utaingia kwenye wavu wa waya wa dishi, na kutoka hapo utafika kwenye king'amuzi, kwenye dishi na kwenye mikono ya mtu aliyepanda juu ya bati. Weka bomba la peke yake, na mahali ambapo njia hizo mbili hazina budi kukutana, zipishane kwa mkato wa msalaba.

Kwa upana, milimita 25 ndiyo ninayoipenda. Usitumie kiwiko cha kona kali. Waya wa RG6 una unene wa karibu milimita 7, na haupaswi kukunjwa kwa mviringo wenye nusu kipenyo chini ya sentimita 7 hivi, kwa sababu ukikunjwa zaidi, kiini huhama kutoka katikati na mawimbi hurudi nyuma. Ndani ya kila bomba acha kamba ya nailoni, ili siku yoyote mtu aweze kuvuta waya mpya bila kuita mwashi. Koneka zifungwe baada ya waya kupita, kamwe si kabla.

Mchangiaji (Cheyo, Tabora)

Mimi ni mpangaji, kwa hiyo sina la kusema juu ya kutindua, lakini nina la kusema juu ya mahali pa kuweka dishi, kwa sababu mahali hapo ndipo waya wote unapoanzia. Tabora yetu ina miembe mikubwa, na kuna tofauti kubwa kati ya ving'amuzi kuhusu upande wa kutazama. DStv hupokea kutoka setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki, ambayo kwa hapa Tabora iko karibu utosini, kwa hiyo mti ulio pembeni hausumbui. Azam hupokea kutoka nyuzi 7 mashariki, na dishi lake hapa hutazama magharibi likiinuka takriban nyuzi 59 tu. Maana yake ni kwamba kwa kila mita moja unayokwenda magharibi, mstari wa mawimbi hupanda mita 1.7 hivi. Mwembe ulioinuka mita 10 juu ya usawa wa dishi unapaswa kuwa zaidi ya mita 6 kutoka lilipo, na mwembe hukua.

Kwenye nyumba ninayokaa, dishi lilifungwa nyuma ya nyumba kwa kuwa bomba la waya lilikuwa hapo, na mwembe wa jirani ukaja kulifunika. Sasa limehamishiwa mbele, na waya unazunguka nyumba nzima kwa nje. Mwanzisha mada, kabla hujachagua pa kutoboa, simama juu ya ngazi utazame magharibi.

Mchangiaji, mwenye nyumba ya wageni (Kigoma Mjini)

Kwa wenye vyumba vingi nitasema kwa ufupi. LNB ya matundu manne inatosha ving'amuzi vinne, na zaidi ya hapo panahitajika multiswichi, ambayo hupokea nyaya nne kutoka kwenye LNB ya aina yake na kuhudumia vyumba vinane au zaidi, kila kimoja kikichagua chaneli yake bila kuingilia mwenzake. Haiwezekani kuiweka kama nyaya za vyumba hazikutani mahali pamoja. Kwetu zilikutana kwenye kabati la korido lenye soketi ya umeme na nafasi ya hewa, nami ninashauri kabati kuliko juu ya dari, kwa kuwa chini ya bati joto la mchana ni kali na fundi hulazimika kutambaa juu ya kenchi kila panapotokea hitilafu.

Faida nyingine ni kwamba aerial ya kawaida hutumia masafa yaliyo chini ya megaherzi 950, hivyo kwa kifaa kidogo cha kuchanganya mnaweza kupitisha aerial na dishi katika waya mmoja hadi chumbani, na huko kuzitenganisha tena.

Mchangiaji (Urambo)

Ndugu zangu, hakuna aliyegusa radi, nami siwezi kunyamaza. Mwaka ambao mvua zilianza kwa ngurumo nyingi, radi ilipiga mti ulio jirani na kwetu. Haikupiga dishi, lakini king'amuzi na televisheni vyote viliungua, ingawa swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Iliingia kwa waya wa dishi, ambao kila mtu huusahau.

Tangu hapo nguzo ya dishi imeunganishwa kwa waya mnene wa shaba na ethi rodi ileile ya nyumba, yaani ile fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini, na waya wa koaksia unapita kwenye kiungo cha chuma kilichofungwa kwenye ethi hiyo kabla haujaingia ndani. Hatua hiyo hupunguza madhara ya radi inayopiga jirani, lakini haizuii radi inayopiga dishi lenyewe. Kwa hiyo wingu linapoanza kujikusanya, tunachomoa plagi na tunafungua pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Ngurumo zikishafika juu ya nyumba, hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Mwanzisha mada, mwambie fundi wako aiweke ethi rodi upande ule litakapokuwa dishi, au angalau asiweke dishi upande wa pili wa nyumba, kwani waya wa ethi ukiwa mrefu na wenye kona nyingi kazi yake hupungua.

Mchangiaji, fundi (Ujiji)

Ndugu wa Urambo amesema kweli. Nami namalizia kwa kipimo ambacho kila mwenye nyumba anaweza kukisimamia siku moja kabla ya lipu. Nyaya zikishavutwa, na zikiwa hazijaunganishwa na kifaa chochote, mwambie fundi achukue mita yake, aiweke kwenye kupima omu, na apime kati ya kiini na wavu wa kila waya. Ncha ya mbali ikiwa wazi, mita isionyeshe mguso wowote. Kisha ncha hiyo ya mbali iunganishwe, kiini na wavu pamoja, na mita ionyeshe omu chache tu. Waya unaoonyesha mguso wakati uko wazi umebanwa au umechomwa na msumari, na ule usioonyesha kitu baada ya kuunganishwa umekatika mahali fulani. Wote wawili wavutwe upya. Waya uliopona uandikwe jina la chumba chake kwenye ncha zote mbili kwa kalamu isiyofutika. Halafu piga picha za kuta zote zikiwa wazi, ukiweka futi kamba kando ya kila bomba ili vipimo vyake vionekane, ndipo uwaite mafundi lipu.